Funguo Ziko Wapi? Mwongozo wa Kukumbuka Mambo ya Kila Siku

Pochi iache mfukoni kwanza, ujibu maswali matatu. Noti ya shilingi 2,000 ina mnyama gani? Ya 5,000 je? Na nyuma ya noti ya 1,000, ile yenye sura ya Mwalimu Nyerere, kuna jengo gani? Noti hizi unampa konda kila asubuhi, unapokea chenji dukani kwa Mangi, unazihesabu hata gizani. Bado ukiulizwa ghafla unaanza kubahatisha. Majibu ni simba, kifaru na Ikulu.

Mwaka 1979 watafiti wa Marekani, Raymond Nickerson na Marilyn Adams, walifanya jaribio la aina hii kwa sarafu ya senti moja ya kwao. Watu walioishika sarafu hiyo maisha yao yote walishindwa kuichora ilivyo. Hawakuwa wameisahau. Hawakuwahi kuitazama. Rangi na ukubwa vilitosha kuwajulisha kwamba hii ni senti, akili ikaishia hapo. Ndiyo maana na sisi elfu kumi tunaiita Msimbazi kwa wekundu wake, na tembo aliyechorwa pale hata hatumtaji.

Nimeanzia hapa kwa sababu watu wengi wanaolalamika kwamba kichwa chao kibovu hawana ubovu wowote. Jambo halikuingia, basi litokeje? Mbinu zifuatazo hazimgeuzi mtu kuwa na akili ya ajabu. Zinasaidia usirudi nyumbani kutoka Mbezi kwa ajili ya pasi, na usimwite mkwe wako "mzee" kila siku kwa kuwa jina lake limekuponyoka.

Hatua ya kwanza: jua unasahau nini

Kwa wiki moja andika kila ulichosahau. Daftari dogo linatosha, au sehemu ya kuandikia kwenye simu. Mwisho wa wiki yapange mafungu matatu. La kwanza ni yale ambayo hayakuingia: funguo ulizoweka huku unaongea na simu, mlango usiojua kama umefunga. La pili ni yaliyoingia lakini yakagoma kutoka: jina la mtu, somo ulilosoma jana, nywila. La tatu ni yale unayoyajua vizuri kabisa ila hayakukujia kwa wakati wake, kama dozi ya jioni, mchango wa harusi uliosema utatuma "baadaye", au kumpigia mama.

Kila fungu lina dawa yake. Anza na lililo kubwa kwako, na usijaribu hatua zote wiki hii.

Hatua ya pili: iambie akili kwamba jambo limetokea

Ukizima pasi, inyooshee kidole, sema kwa sauti: "Pasi imezimwa, Jumanne." Madereva wa treni wa Japani hufundishwa kufanya hivyo, kuonyesha taa au mlango kwa kidole na kutamka hali yake, maana mkono, jicho na mdomo vikishiriki pamoja ni vigumu akili kuwa kwingine. Siku ya wiki usiiache. Tatizo la mambo ya kila siku ni kwamba kumbukumbu ya kuzima pasi jana inafanana mno na ya leo, na ukifika kituoni unashindwa kujua ipi ni ipi. Jirani akikusikia unaongea na jiko la gesi, mwache acheke.

Funguo, kitambulisho na miwani havihitaji kumbukumbu. Vinahitaji msumari, au bakuli karibu na mlango. Sehemu iwe moja, na uifikie kabla hujaweka kitu kingine chochote mezani.

Na lile la kuingia chumbani halafu ukasimama, "nilifuata nini huku?", lina sababu. Gabriel Radvansky na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba kuvuka mlango kwenyewe kunadhoofisha kumbukumbu ya ulichokuwa nacho akilini chumba kilichopita. Dawa yake ni kutaja kitu unachokifuata wakati unavuka kizingiti: "mkasi, mkasi". Ukichelewa, rudi ulikotoka.

Hatua ya tatu: namba zikatwe vipande

Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba akili hushika kwa mkupuo vitu saba hivi, vikizidi viwili au vikipungua viwili. Nelson Cowan alikuja kusahihisha mwaka 2001: vinakaribia vinne tu. Habari njema ni kwamba kipande kizima kinahesabiwa kuwa kitu kimoja.

Chukua namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20 na inatisha. Lakini nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe yako ya kuzaliwa, hizo unazo tangu utotoni. Zinabaki 12, nazo zimeshakatwa tayari: tano, tano, mbili. Jioni mbili tatu zinatosha.

Tokeni ya LUKU, ya umeme, nayo ina tarakimu 20, lakini hiyo usihangaike nayo. Inatumika mara moja basi. Isome nne nne ukiingiza, yaishe.

Vipande vinashikika zaidi ukivifunga na kitu unachokijua. Kwa Mtanzania 61 ni Uhuru, 64 ni Muungano, 67 ni Azimio la Arusha, 85 ni mwaka Mwalimu aliong'atuka, 99 ni mwaka tuliomzika. Namba ya simu yenye 64 na 85 ndani yake inageuka kuwa habari fupi. (Namba yako ya siri ya kutolea hela usiifanye hivyo. Mwaka wa kuzaliwa na miaka ya kitaifa ndivyo wezi wanavyobahatisha kwanza.)

Hapa nasisitiza jambo moja: shika kichwani namba mbili za simu za watu wako. Ukikwapuliwa simu Kariakoo, mpita njia mwema atakuazima yake. Utampigia nani? Watu wengi siku hizi hawaijui hata namba ya mke au mume. Itamke nne, tatu, tatu, kwa mdundo uleule, na uipige kwa vidole badala ya kugusa jina.

Hatua ya nne: panda mwendokasi kichwani

Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, na ni ya kale. Cicero, mwanasheria na msemaji wa Roma, aliieleza mwaka 55 kabla ya Kristo, akiinasibisha na mshairi wa Kigiriki aitwaye Simonides. Wasemaji wa zamani walikuwa wakitembea kwa mawazo ndani ya jengo wanalolijua, kila kona wameweka sehemu ya hotuba. Binadamu husahau orodha upesi, lakini njia anayopita kila siku haisahau.

Sasa Dar es Salaam kuna njia ambayo maelfu wanaijua kwa mpangilio hata wakisinzia: mwendokasi wa Barabara ya Morogoro. Chukua vituo kumi tu: Ubungo, Shekilango, Urafiki, Manzese, Magomeni, Jangwani, Fire, Kisutu, Posta, Kivukoni. Tuseme unatakiwa kununua nazi, dagaa, uzi mweusi, mchele, iliki, sabuni, kiberiti, balbu, betri za rimoti na dawa ya mbu.

Ubungo, juu ya barabara za juu, nazi kubwa kama basi zinaporomoka na magari yanazikwepa. Shekilango, abiria wote waliopanga foleni ni dagaa, wamesimama wima na kadi mkononi. Urafiki kulikuwa na kiwanda cha nguo, kwa hiyo uzi mweusi unatoka getini na kuufunga mlango wa basi. Manzese, daraja la waenda kwa miguu limejaa mchele, watu wanaupanda kama mchanga. Magomeni harufu ya iliki imemfanya dereva apige chafya. Jangwani pamefurika, kama kawaida yake mvua za masika zikikolea, ila safari hii ni povu la sabuni na basi linaelea. Fire sihitaji hata kukueleza: kiberiti kimoja kikubwa kimesimama mbele ya zimamoto. Kisutu, mahakamani, hakimu ana balbu kichwani badala ya wigi, na inawaka kila akigonga nyundo. Posta na Kivukoni jitengenezee mwenyewe, kwa sababu picha uliyoibuni inashika kuliko ya kupewa.

Mambo manne ya kuzingatia. Picha iwe ya ajabu, yenye mwendo na harufu. Nazi iliyokaa kimya kituoni itapotea. Kitu kiguse mahali, kisielee pembeni tu. Safiri kichwani mara mbili kabla ya kuondoka, mara ya pili kwa kasi. Na usipakie orodha mbili kwenye njia moja siku hiyohiyo, zitagombana. Kesho picha za leo zitakuwa zimefifia na njia itakuwa tayari tena.

Kama wewe si mtu wa Kimara, tumia njia yako: kutoka Rangi Tatu hadi Kariakoo, au kivuko cha Kigamboni na unayoyaona ukishuka, au vyumba vya nyumba ya bibi. Mtu wa uswahilini anayejua kichochoro hadi kichochoro ana utajiri mkubwa hapa. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wa madereva teksi wa London, ambao hulazimika kuhifadhi kichwani mitaa ipatayo 25,000. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachohusika na kumbukumbu na njia, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine, na kwa waliofanya kazi miaka mingi ilizidi. Siku bodaboda anaposema "naijua njia, bosi" na kuzima ramani ya simu, kabla hujanuna ujue angalau anafanya mazoezi.

Hatua ya tano: majina ya watu

Kiswahili kimetupa vichaka vingi vya kujifichia: mkuu, bosi, kiongozi, shemeji, dada, Mama Fulani. Unaweza kukaa kwenye kamati ya harusi miezi mitatu hujui jina la mhazini na mambo yakaenda. Lakini siku ya kumtambulisha kwa mgeni, aibu inakufika.

Jina ni gumu kwa sababu halina mshiko. Ukiambiwa mtu ni seremala unaona randa na mbao. Ukiambiwa anaitwa Edward huoni kitu. Kwa hiyo mpe picha. Chausiku muone na mbalamwezi juu ya ushungi. Tumaini mpe nanga. Edward mfananishe na Edward mwingine unayemjua, waone wamekumbatiana. Picha hiyo ni siri yako, usimwambie mwenyewe.

Kabla ya picha, hakikisha umelisikia jina. Mara nyingi mtu anapojitambulisha sisi tunafikiria tutakachosema. Lirudie papo hapo: "Karibu, Chausiku." Hukulisikia? Uliza tena ndani ya dakika kumi za mwanzo, hakuna atakayekasirika. Baada ya miezi miwili ni kesi nyingine. Halafu mkiagana, jiulize moyoni jina lake kabla hujalitamka. Kule kujiuliza ndiko kunakolikaza.

Na jina likikwama kwenye ulimi, usilisukume. Pita herufi moja moja, a, ba, cha, da, au acha kabisa ufanye jambo jingine. Litakuja ukiwa bafuni.

Hatua ya sita: jiulize, usirudie kusoma

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa miaka kadhaa, akihifadhi silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi ya kuhifadhi ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, kama theluthi mbili. Kisha kasi ya kupotea ikapungua. Maana yake ni kwamba siku ya kwanza ndiyo ya kupigania.

Kupigania vipi? Wanafunzi wa Mlimani wanapenda kupitia madesa mara ya tano huku wanapaka rangi mistari. Wanajihisi wanajua, kwa sababu macho yameyazoea maneno. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilisoma tena, jingine likafunga karatasi na kuandika lililokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojiuliza waliwapita kwa mbali.

Kwa hiyo funga daftari, useme au uandike unachokumbuka, ndipo ufungue kukagua. Fanya hivyo usiku uleule, kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, kisha mwezi. Walimu wa madrasa hawakuhitaji utafiti kulijua hili. Anayehifadhi Kurani anapewa sehemu mpya, lakini haachiwi mpaka asome za nyuma bila kutazama msahafu, na juzuu 30 zinaingia kwa mtindo huo.

Mdundo nao unasaidia. Nani alisoma shule ya msingi hapa nchini akasahau MAGAZIJUTO? Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kitu kirefu chenye mpangilio, kitungie neno la namna hiyo, au beti. Vina na mizani ni walinzi: ukikosea neno, kina kinagoma, na wewe mwenyewe unasikia. Tenzi zenye mamia ya beti zilisafiri hivyo kwa midomo pwani nzima.

Hatua ya saba: yale ya kufanya baadaye

Neno "baadaye" ndilo linaloua mambo haya. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba mtu akipanga kwa sura ya "ikitokea hivi, nafanya hivi", ana nafasi kubwa zaidi ya kutekeleza kuliko aliyekusudia tu. Usiseme utatuma mchango leo. Sema: "Nikishuka Mwenge, kabla sijavuka barabara, natuma."

Tafuta tukio ambalo halikosi. Jijini hapa adhana ya magharibi inasikika kwa Mwislamu na kwa Mkristo, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta muda wake husogea kama nusu saa tu mwaka mzima. "Nikisikia adhana nameza dozi" ni mpango mzuri kuliko alamu ya simu ambayo utaizima ukiwa kwenye daladala, kidonge kiko nyumbani.

Njia nyingine ni kuziba njia. Fomu ya mtoto ya shule iweke ndani ya kiatu chako. Mtungi wa gesi uliokwisha uweke mlangoni upite kwa kuuruka. Na kwa jambo zito, tarehe ya kliniki, kodi ya nyumba, rejesho la kikoba, achana na kichwa: andika kwenye kalenda ya ukutani ambapo familia nzima inaona. Sioni ushujaa wowote katika kukariri tarehe ya kodi.

Usingizi, vidonge na hospitali

Ubongo hupanga mambo ya mchana ukiwa umelala, na mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Najua joto la Februari na spika za jirani. Lakini anayepata usingizi wa muda wa saa nne tu kila usiku hizi mbinu zitamgomea, hasa kujifunza mapya. Kutembea kwa miguu kila siku kunasaidia pia.

Vidonge vya "kuongeza kumbukumbu" vinavyotembezwa stendi na mitandaoni sivitetei. Ginkgo, maarufu kuliko vyote, ilijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000 kwa miaka kadhaa; matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha haikuzuia demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Angalia badala yake unachomeza sasa: baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi huvuruga kumbukumbu.

Kusahau funguo ziko wapi ni kawaida. Mzee akishika funguo asijue ni za nini, akipotea njia ya sokoni aliyoizoea miaka yote, au akiuliza swali lilelile mara nne ndani ya saa moja, usiseme ni uzee wala usitafute mchawi. Baadhi ya sababu zinatibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona, sukari, maambukizi. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Wakiona haja watampa rufaa ya Muhimbili. Ila kuchanganyikiwa kwa ghafla, pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kuvurugika, huenda ni kiharusi, na hapo unakwenda hospitali saa hiyohiyo. Kwa miadi ya kawaida, nenda na dawa zake zote ndani ya mfuko, na aongozane na mtu anayeishi naye, maana daktari atauliza mambo haya yalianza lini, na mgonjwa mwenyewe huenda asijue.